Kambi Penye Jiwe Lililoandikwa: Adabu ya Mgeni Katika Bonde la Milk River

Likizo za kiangazi zinapokaribia, swali la kwanza katika nyumba nyingi za Waislamu tunaoishi huku magharibi mwa Kanada ni hili: watoto tutawapeleka wapi? Bahari iko mbali. Nauli ya kwenda Mombasa, Tanga au Unguja kwa familia ya watu sita si jambo la kila mwaka. Na kuwaacha vijana miezi miwili mizima wakiwa wameinamia simu zao ni hasara ambayo hakuna mzazi asiyeijua. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumeichukua desturi ya watu wa huku ya kupiga kambi: gari hujazwa mahema, magodoro na masufuria, na familia ikaenda kulala siku mbili tatu porini, chini ya mbingu ya Mwenyezi Mungu, mbali na kelele za mji.

Mwanzoni mwa Julai iliyopita, familia tisa za msikiti wetu hapa Calgary zilifunga safari ya namna hiyo kwenda hifadhi iitwayo Writing-on-Stone, ambayo wenyeji wake wa asili huiita Áísínai'pi. Kamati ilipotangaza safari baada ya sala ya Ijumaa, baadhi ya wazazi waliuliza maswali mazito. Je, si huko ndiko kwenye michoro ya kale ya imani za watu wengine? Yafaa kupeleka watoto wetu? Yafaa kusali hapo? Maswali hayo hayakuwa ya kudharauliwa, nasi tuliyazingatia kabla ya kuondoka. Makala hii imekusudiwa kuyajibu, na kuwaeleza wasomaji, wa huku na wa nyumbani, mahali hapo ni mahali gani na mgeni anayefika pale anapaswa awe na adabu ipi.

Ziko kambi ambazo mtu huenda kwa ajili ya maji na kivuli tu. Áísínai'pi haimo katika hizo. Anayefika pale amefika barazani kwa watu, na wenye baraza wangali hai.

MAHALI PENYEWE

Hifadhi hii iko kusini kabisa mwa jimbo la Alberta, kiasi cha kilomita 100 kusini-mashariki ya mji wa Lethbridge. Kutoka Calgary ni mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Njia hupita katikati ya mashamba ya ngano na nyika tambarare, mpaka kwenye mji mdogo wa Milk River, kisha huelekea mashariki kwa kiasi cha kilomita 40. Msafiri huendesha gari akiona nyasi na anga tu, hata akadhani amepotea. Kisha ghafla ardhi hupasuka mbele yake, na chini akaona bonde lenye mto, miti mirefu ya kivuli na maelfu ya nguzo za mawe.

Nguzo hizo ndizo zinazowashangaza watoto kwanza. Ni mawe ya mchanga yaliyochongwa na maji, upepo na barafu kwa muda usiohesabika. Juu ya nyingi kati yake limekaa tabaka la jiwe gumu zaidi, kama kofia juu ya kichwa. Kofia hiyo hukinga jiwe laini lililo chini yake, na pale inapoanguka, nguzo nayo huanza kuliwa hadi ikaisha. Ukizitazama jioni jua likiwa limeinama, utadhani ni umati wa watu waliosimama kimya wakisubiri kusemeshwa.

Mto wenyewe una maji ya rangi ya udongo mweupe. Wasafiri wa Kimarekani, Lewis na Clark, waliufikia sehemu za chini mwaka 1805 wakaupa jina la Mto wa Maziwa, kwa kuwa rangi yake iliwakumbusha chai iliyotiwa maziwa. Akina mama waliokuwa na birika la chai ya tangawizi mkononi walikubali kwamba jina hilo ni la haki. Na mto huu una ajabu nyingine: maji ya Mto Bow unaopita Calgary huishia kaskazini, katika Ghuba ya Hudson, lakini Milk River hukata mpaka kuingia Marekani, ukaungana na Missouri, na mwisho wake ni Ghuba ya Meksiko.

Ukisimama ukingoni mwa bonde na kutazama kusini, utaiona milima ya Sweetgrass, ambayo iko Montana, upande wa pili wa mpaka. Wenyeji wa asili wa bonde hili huihesabu milima hiyo kuwa sehemu ya mahali hapa hapa. Mpaka ulipochorwa juu ya ramani, jamaa moja iligawanywa ikawa na serikali mbili. Wasomaji wetu wa Kwale na Tanga, ambao nao wana shangazi upande mmoja wa Lungalunga na wajomba upande wa pili, hawahitaji kuelezwa zaidi.

WALIOANDIKA NI NANI

Wenye bonde hili ni watu wa Shirikisho la Blackfoot, ambao kwa lugha yao hujiita Siksikáítsitapi. Ndani yake mna Wasiksika, Wakainai na Wapiikani, na Wapiikani wa kusini ambao mpaka uliwaacha Montana. Neno Áísínai'pi katika lugha yao lina maana ya mahali palipochorwa, au palipoandikwa. Kwao kuandika na kuchora hapo ni jambo moja, na ndiyo maana sisi tumechagua kuliita jiwe hili jiwe lililoandikwa.

Katika kuta za bonde hili mna maelfu ya michoro, na hakuna mahali pengine katika nyanda zote kuu za Amerika ya Kaskazini penye mkusanyiko mkubwa kama huu. Mengi yamekwanguliwa juu ya jiwe kwa mfupa, pembe au jiwe lenye ncha, na baadaye kwa chuma. Mengine yamepakwa kwa ngeu, ule udongo mwekundu wenye chuma ambao mafundi seremala wetu wa zamani walitumia kupigia mistari ya mbao. Mabaki ya kale yaliyopatikana bondeni yanaonyesha kwamba watu walikuwa wakipiga kambi hapa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Tarehe 6 Julai 2019 UNESCO iliingiza mahali hapa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mtu akipewa maelezo kidogo na mwongozaji, huanza kuisoma michoro kwa zamu zake. Ya zamani huonyesha wapiganaji wanaokwenda kwa miguu, wamejificha nyuma ya ngao kubwa za mviringo zinazofunika mwili mzima. Karne ya 18 farasi walifika nyanda hizi, na jiwe linatoa habari hiyo: ngao zinakuwa ndogo, kwa kuwa mpanda farasi hawezi kubeba ngao ya ukubwa ule, na farasi wanaanza kuonekana wakikimbia. Kisha zinakuja bunduki. Kwa hiyo anayetazama ukuta ule anatazama kitabu cha historia ambacho kurasa zake ziliandikwa na waliokuwapo.

Ukurasa mkubwa kuliko zote ni ule uitwao Mandhari ya Vita, ambao una michoro zaidi ya 250 katika ukuta mmoja: mahema yaliyopangwa kwa duara, farasi, bunduki zinazofyatuliwa, watu wanaosonga mbele na wanaorudi nyuma. Mwaka 1924 mzee mmoja wa Piikani kutoka Montana, aitwaye Bird Rattle, alifika hapa pamoja na wazee wenzake, na simulizi zao zimeuhusisha ukuta huo na vita vya mwaka 1866 ambavyo Wapiikani walishinda.

Safari ya Bird Rattle ina jambo jingine ambalo vijana wetu walilipenda kuliko yote. Mzee yule alikuja kwa motokaa. Kabla ya kuondoka alichonga juu ya jiwe habari ya safari yake, na magari waliyokuja nayo yamo katika mchongo huo. Watu hawa hawakuwa wamekoma kuandika. Kalamu ilikuwa bado mikononi mwao katika karne ya 20, na jipya lilipotokea, waliliandika palepale walipoandika mababu zao.

Hapo kijana mmoja wa miaka 14 alimgeukia mzee wa kamati aliyekuwa karibu naye, akauliza: "Ami, sasa wenyewe wako wapi?"

"Wako Calgary, wako Lethbridge," alijibiwa. "Huenda darasani kwako unakaa na mmoja wao. Ulishawahi kumwuliza kwao ni wapi?"

Kijana alinyamaza. Wengi wetu watu wazima nasi tulinyamaza, kwani swali lilikuwa letu pia.

YALIYOPITA JUU YA JIWE

Haiwezekani kueleza uzuri wa mahali hapa na kuficha yaliyowafika wenyewe. Tarehe 22 Septemba 1877, mahali paitwapo Blackfoot Crossing, viongozi wa Siksika, Kainai na Piikani, pamoja na Watsuut'ina na Wastoney Nakoda, walitia alama zao katika Mkataba wa 7 na serikali ya Malkia wa Uingereza. Mji wa Calgary, msikiti wetu, shule za watoto wetu na nyumba tunazolipia kodi, vyote viko juu ya ardhi ya mkataba huo. Miaka michache tu baadaye baisani, yule mnyama mkubwa mfano wa nyati ambaye nyama yake ilikuwa chakula chao na ngozi yake mahema yao, alikuwa ametoweka katika nyanda hizi kwa kuuawa kupita kiasi. Njaa ikaingia.

Mwaka 1885 ukaanza mtindo wa vibali: mwenyeji hakuruhusiwa kutoka katika eneo alilotengewa bila karatasi ya afisa wa serikali. Sheria zikakataza sherehe zao za kidini, na makatazo hayo hayakuondolewa mpaka mwaka 1951. Watu waliokuwa na mazoea ya kuja bondeni hapa vizazi baada ya vizazi, sasa walihitaji ruhusa ya mtu mwingine ili kutembelea kumbukumbu za babu zao. Wakati huohuo askari wa Polisi ya Kaskazini-Magharibi walikuja kupiga kambi hapa mwaka 1887, ili kuzuia magendo ya pombe na wizi wa farasi mpakani, wakakaa hadi 1918. Jengo lao limejengwa upya na linaonekana ng'ambo ya mto.

Kisha yako mambo ya shule za bweni. Kwa zaidi ya miaka 100 watoto wa wenyeji wa asili kote Kanada, wanaokadiriwa kufikia 150,000, walitolewa kwa wazazi wao wakapelekwa katika shule zilizoendeshwa na serikali na makanisa. Humo walikatazwa lugha zao na imani zao, wengi waliteswa, na maelfu hawakurudi nyumbani. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Tarehe 11 Juni 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali, na mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa taarifa yake. Tangu mwaka 2021 tarehe 30 Septemba ni siku ya taifa ya kuyakumbuka hayo.

Habari hizi tulizizungumza usiku, watoto wakubwa wakiwa wameketi mkekani, na hapo lilitokea jambo ambalo hatukulipanga. Bibi mmoja wa jamaa zetu, mzaliwa wa Kwale, aliwaeleza wajukuu kwamba alipokuwa shule ya msingi, mtoto aliyesikika akisema Kidigo alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, ampe yeye.

"Bibi, ulikivaa wewe?" aliuliza mjukuu wake.

"Nilikivaa, mwanangu. Kuanzia siku ile nikawa hata nyumbani mama akinisemesha, namjibu kwa sauti ndogo."

Kipimo cha mambo haya mawili si kimoja, wala hatudai kuwa ni kimoja. Lakini watoto waliokuwa wakisikiliza historia kama jambo la watu wa mbali, ghafla waliona kuwa ina mlango wa kuingilia nyumbani kwao. Na wazazi tuliona la kwetu: watoto wetu hakuna anayewavisha kibao, na bado Kiswahili kinawatoka kinywani mwaka hadi mwaka, kwa kuwa sisi wenyewe tumechoka kukisema nao. Usiku ule tulikubaliana kwamba jioni za kambi ni za Kiswahili na simu hukaa garini. Familia kadhaa zimeuendeleza mpango huo nyumbani kwa chakula cha usiku, na tunaupendekeza kwa wengine.

JIWE HALIOTI NGOZI MPYA

Sasa tufike kwenye adabu. Jiwe la mchanga ni laini mno. Mtoto akilikwangua kwa ufunguo, litakwanguka, na hicho ndicho kilichoyaponza maandishi haya. Katika miaka iliyopita walowezi na wapita njia walichonga majina yao na tarehe zao juu ya kuta, mara nyingine katikati kabisa ya michoro ya wenyewe. Majina hayo yapo mpaka leo. Hayafutiki, kwa kuwa kuyafuta ni kulila jiwe zaidi. Mtu alitaka akumbukwe, na kweli anakumbukwa, lakini kwa ubaya.

Hata mkono mtupu una madhara. Mafuta na jasho la vidole huingia katika jiwe na kuharakisha kuoza kwa uso wake, na rangi ya ngeu huchukuliwa kidogo kidogo. Kwa ajili hiyo sehemu kubwa ya bonde yenye michoro imefungwa, na mtu haingii ila pamoja na mwongozaji wa hifadhi. Sehemu iliyo wazi ina njia ya miguu inayopita kati ya nguzo hadi kwenye Mandhari ya Vita, na huko mna uzio. Anayeharibu hushitakiwa: sheria ya Alberta ya kulinda mambo ya kale inaruhusu faini ya hadi dola 50,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja.

Lakini tuliona si vyema watoto wetu wajizuie kwa kuogopa faini tu. Tuliwafundisha kwa njia wanayoijua. Nyumbani kwa watu huingii bila hodi, hugusi kilichowekwa rafuni, huchungulii chumba kilichofungwa, wala huchukui kitu ukakitia mfukoni hata kikiwa kokoto. Basi fanyeni hivyohivyo hapa. Watoto wa miaka sita walilielewa neno hilo papo hapo, na wakawa wao ndio wanaowakumbusha wakubwa.

Katika matembezi mtu aweza kukuta kitambaa kimefungwa mtini, au tumbaku imewekwa chini ya jiwe. Hivyo ni vitu vilivyoachwa na wenyeji katika ibada zao, kwani wanaitakidi kwamba mahali hapa pana roho, na vijana wao walikuja hapa tangu zamani kufunga na kukaa peke yao wakitafuta uongofu. Visiguswe, visipigwe picha, na visifanyiwe mzaha. Kutoamini anachoamini jirani hakumpi mtu ruhusa ya kumvunjia heshima.

SALA NA SWALI LA MICHORO

Tuje kwenye maswali ya wazazi. Kwanza, kutazama michoro ya kale kwa ajili ya kujifunza habari za waliopita ni jambo moja, na kuitukuza ni jingine. Hakuna katika sisi aliyekwenda kuitukuza. Hata Bara Arabu lina michoro ya namna hii: ile ya Jubbah na Shuwaymis katika eneo la Hail nchini Saudia imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2015, na Waislamu huitembelea. Na nyumbani Tanzania tunayo ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha hiyo mwaka 2006, katika wilaya ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu. Warangi wameishi na mapango ya Kolo kwa vizazi, wakayapita wakienda madrasa na mashambani, na Uislamu wao haukupungua.

Pili, sala. Tulisali katika uwanja wa kambi, kando ya mahema yetu, mbali na kuta zenye michoro. Hilo lilitupa utulivu wa moyo, na pia lilikuwa heshima kwa wenyeji, tusije tukafanya mahali pao pa ibada kuwa pa kwetu. Kibla kutoka huku ni kaskazini ikielemea mashariki, na mgeni asipoambiwa hukosea kwa kudhani ni kusini-mashariki. Kwa kuwa safari ni ndefu kupita kiwango cha qasri, na siku zetu zilikuwa tatu tu, tulipunguza na kukusanya sala kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi.

Wazazi wajue kwamba mwanzoni mwa Julai jua la huku huzama baada ya saa 3:30 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11:30 alfajiri. Usiku ni mfupi mno. Watoto wadogo walale mapema na wasilazimishwe kungoja wakubwa. Lakini wale waliokesha hadi giza likaingia vizuri waliona nyota ambazo Calgary haina ruhusa ya kuziona kwa ajili ya mataa yake, na adhana ya alfajiri iliyotolewa kwa sauti ya chini, ili majirani wa mahema mengine wasisumbuke, ilisikika tamu kuliko ya kipaza sauti.

MATAYARISHO KWA FAMILIA

Nafasi za kambi katika hifadhi hii huwekwa kwa njia ya intaneti na hujaa upesi, hasa siku za mapumziko ya taifa. Familia zinazotaka kukaa pamoja zikubaliane siku mapema na kila moja ishike nafasi yake. Asiye na hema aweza kukodi hema kubwa lililokwisha kutandikwa vitanda. Matembezi ya kuongozwa nayo huhitaji kulipiwa mapema, na tunasisitiza: usiende bila kuyashika, kwani bila mtu wa kukuelezea utarudi umeona mawe tu.

Joto la mchana hupita nyuzi 30, na katikati ya nguzo hakuna upepo. Kila mtu abebe maji yake, na matembezi yafanywe asubuhi au baada ya Alasiri. Akina mama na mabinti wavae nguo nyepesi za pamba na mitandio ya rangi isiyovuta jua. Mto wenyewe una ufuko wa mchanga na kina kifupi katikati ya kiangazi, watoto huogelea kwa furaha, lakini lazima pawe na mtu mzima ndani ya maji pamoja nao.

Wako nyoka wenye njuga mkiani. Hawamfuati mtu, na wakikaribiwa hutikisa njuga kumwonya. Viatu vya kufunika mguu vivaliwe, mkono usitiwe katika nyufa za mawe, na anayetoka hemani usiku au alfajiri kwenda kutia udhu achukue tochi. Mbu wa mtoni nao wapo, na kupe hukaa katika nyasi ndefu, kwa hiyo watoto wakaguliwe kabla ya kulala.

Kwa chakula, nyama halali ichukuliwe kutoka nyumbani ikiwa imegandishwa, maana njiani haipatikani. Tulibeba wavu wetu wenyewe wa kuchomea mishkaki, kwa sababu nyavu za kambini hatujui zimechomewa nini. Pilau ilipikwa siku ya kwanza, mahamri yalitoka Calgary yakiwa tayari. Kiangazi kikiwa kikavu huwekwa marufuku ya moto wa kuni, basi jiko la gesi lisikosekane. Na takataka zote zirudi garini. Majirani wetu wa kambi walikuja kuuliza kinachonukia vile ni nini. Walikaribishwa, wakala, na tulijuana.

MGENI NA JEMBE

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuliokuja Kanada kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wengine kwa masomo, wengine kwa kukimbia shida, siku zetu mbili zimekwisha zamani. Tumejenga misikiti, tumezika wazazi wetu katika ardhi hii, na watoto wetu wamezaliwa hapa. Jembe letu li wapi?

Kamati imependekeza mambo matatu. La kwanza, kila kiangazi safari moja ya watoto wa madrasa iende mahali penye historia ya wenyeji wa asili, na kabla ya safari wafundishwe habari za wenye mahali hapo. La pili, tarehe 30 Septemba isipite msikitini kama siku ya mapumziko tu, bali pawe na mazungumzo, na ikiwezekana aalikwe mzee wa Blackfoot atueleze mwenyewe, nasi tukae tusikilize. La tatu, ni la kila nyumba: mtoto ajue jina la watu ambao nyumba yao imejengwa juu ya ardhi yao, kama anavyojua jina la kijiji cha babu yake.

Hayo si makubwa. Lakini mtoto aliyefundishwa kusimama mbele ya ukuta wa watu wengine mikono ikiwa nyuma, akiuliza kabla ya kugusa, atajua pia namna ya kusimama mbele ya jirani, mbele ya mwalimu, na mbele ya kaburi la babu yake siku atakapopelekwa nyumbani kulizuru. Safari ya mwaka huu inapangwa, na majina yanapokelewa kwa katibu baada ya kila sala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.